Hakuna dramu katika bendi ya Billy Strings

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo lililoandikwa kwenye ukurasa wenu wa burudani kuhusu Billy Strings, mwanamuziki wa Marekani, na bendi yake. Mwandishi alieleza kuwa hawa ni wanamuziki wa country walioamua kupiga rock, akamsifu mpiga dramu wao kwa nguvu zake, kisha akamalizia kwa kuwasikitikia wazee wa muziki huo ambao, kwa maoni yake, jadi yao imeuzwa kwa vijana wa taa na moshi. Bendi ile haina mpiga dramu. Ukiisikiliza huku umeshaamini kwamba dramu ipo, hutajua ile nguvu inatoka wapi, na usipojua hilo basi hata hukumu yako juu ya jadi itakwenda kombo.

Naandika kama mpiga dabo besi. Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na besi nilijifunza katika klabu ya taarab, kwa kukaa nyuma ya wazee wa fidla na kuambiwa nisikilize kabla ya kugusa uzi. Sasa naishi Louisville, jimbo la Kentucky, na kazi yangu ni ya usiku, kwenye ghala la vifurushi. Watu wanaozungumza Kiswahili hapa si haba. Wapo Wakongo, wapo Warundi, tupo sisi wa pwani, na utakisikia Kiswahili dukani na kwenye basi. Lakini muziki wenyewe wa jimbo hili, huu uitwao bluegrass, wengi wetu tunaupita tu, tukidhani ni wa Wazungu wa mashambani na hautuhusu. Mimi ulinishika kwa sababu ya besi, na naomba nianzie hapo.

Bendi ya Billy Strings, ambayo muziki wake ni huo wa bluegrass, ina watu watano. Billy Strings anapiga gitaa na kuimba. Billy Failing yuko kwenye banjo, Jarrod Walker kwenye mandolini, ala ndogo ya nyuzi nane, Royal Masat kwenye besi, na Alex Hargreaves, aliyejiunga baada ya wenzake, kwenye fidla. Nyuzi tupu. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Besi inakanyaga moja na tatu. Mandolini inajibu kwenye mbili na nne, na inajibu kwa namna yake: mpigaji anachapa nyuzi kwa mkono wa kulia, na papo hapo vidole vya kushoto vinalegea bila kuziachia, ili sauti ikatike kabla haijapata kuimba. Kinachobaki ni mkwaruzo mkavu, cha!, ambao katika bendi nyingine ungetoka kwenye fimbo na ngoma ndogo. Hiyo ndiyo dramu aliyoisikia mwandishi wenu. Ni mkono wa Jarrod Walker.

Katikati ya nyayo hizo linapita banjo. Mpigaji anatumia vidole vitatu, gumba, shahada na cha kati, kila kimoja kimevishwa kucha ya bandia, na vinazunguka bila kupumzika, noti nane katika kila hesabu nne, huku mwenyewe akichagua ni noti ipi kati ya hizo nane itokeze juu ili masikio yapate wimbo. Gitaa linagonga uzi mnene wa chini na kufagia nyembamba, linaziba pengo kati ya besi na mandolini. Kisha kila ala ina zamu yake ya kusema peke yake. Zamu ya mandolini ikifika, ule mkwaruzo wa mbili na nne unakosa mwenyewe, na fidla au banjo lazima iubebe begani mara moja, bila kuambiwa, bila pengo. Wakishabadilishana zamu namna hiyo kwa dakika tano, sita, mwendo ukiwa ule ule na sauti ikipanda, ukumbi mzima unasimama. Hapo ndipo mtu anaposema, hii ni rock.

Nawaomba wasomaji wafikirie kazi ya Royal Masat katika mpango huu. Penye dramu, mpiga besi akichelewa nukta ndogo kuna mtu wa kumfunika. Hapa hana wa kumfunika. Katika nyimbo zao za kasi besi inagonga zaidi ya mara mbili kwa kila sekunde, na nyuzi za dabo besi ni nene, zinataka kuvutwa kwa nyama ya kidole, na mkono wa kushoto unabana shingo pana kama unakamua. Akiharakisha, banjo litamkimbilia na wote watatumbukia. Akivuta nyuma, gitaa litakosa pa kukanyaga. Nimewahi kushika besi katika nyimbo ndefu za taarab, na najua mkono unavyoanza kuwaka kabla ya ubeti wa mwisho. Anachofanya huyu bwana ni kazi ya mwili na ya akili kwa wakati mmoja, na jina lake halikutajwa hata mara moja katika makala yenu.

Sasa hili la jadi kuuzwa.

Bill Monroe, ambaye muziki huu umepata jina kutokana na bendi yake, Blue Grass Boys, alizaliwa 1911 huko Rosine, kijiji cha magharibi ya Kentucky. Alikuwa kitinda mimba. Ndugu zake wakubwa walikwisha kujichukulia fidla na gitaa, yeye akaachiwa mandolini. Mama yake alifariki Bill akiwa na miaka 10, baba akafuata Bill akiwa na miaka 16, akaenda kukaa na mjomba wake, Pendleton Vandiver, mpiga fidla wa kwenye dansi za vijijini. Katika dansi hizo alipiga pia na Arnold Shultz, mtu mweusi, fundi wa gitaa na fidla, na Monroe mwenyewe katika maisha yake yote hakuacha kumtaja kama mmoja wa walimu wake. Kwa hiyo tangu mwanzo humo ndani mlikuwa na blues ya watu weusi, nyimbo za makanisani, na fidla zilizovuka bahari kutoka Uskoti na Ayalandi. Mchanganyiko ndio msingi wenyewe.

Na ulikuwa muziki wa kasi iliyoshangaza watu. Monroe alipoingia katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, Nashville, Oktoba 1939, alichukua nyimbo zilizokuwa zikipigwa taratibu akazipandisha mwendo na akazipandisha sauti, mpaka kwenye funguo za muziki ambazo wapiga gitaa wa wakati ule walizikimbia. Desemba 1945 akamchukua kijana wa North Carolina, Earl Scruggs, mwenye umri wa miaka 21, aliyekuja na ule mtindo wa banjo wa vidole vitatu. Lester Flatt alikuwa kwenye gitaa, Chubby Wise kwenye fidla, Howard Watts kwenye besi. Septemba 1946 waliingia studio mjini Chicago. Zisikilize rekodi zile leo. Hakuna uzee ndani yake. Ni watu watano wanaokimbia kwa pamoja bila kugongana, na waliozisikia kwa mara ya kwanza walisikia jambo jipya kabisa, halikuwa na jina bado.

Rock ilipokuja, ilichota kwenye kisima hicho hicho. Mwaka 1954 Elvis Presley, katika rekodi yake ya mwanzo kabisa pale Memphis, aliuchukua wimbo wa Monroe, Blue Moon of Kentucky, ambao Monroe alikuwa ameurekodi 1946 kwa mwendo wa polepole wa hesabu tatu, akaugeuza kuwa wa nne na kuuchangamsha. Monroe hakwenda kulalamika magazetini. Mwaka ule ule alirudi studio akaurekodi upya, akianza kwa ule mwendo wa zamani wa tatu na katikati ya wimbo akibadilisha kuingia kwenye wa nne, kasi mbele. Mimi naupenda uamuzi ule kuliko karibu kila kitu alichofanya. Mzee wa jadi amesikia kijana kafanya nini na mali yake, na amejibu kwa mandolini. Monroe alifariki Septemba 1996, na mwaka uliofuata jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la rock and roll.

Kuna mwingine ambaye nadhani mwandishi wenu hajamsikia, na ndiye ufunguo wa Billy Strings. Doc Watson wa Deep Gap, North Carolina, alipoteza macho akiwa mtoto mchanga. Dunia inamjua kama baba wa gitaa la mbao, mtu aliyechukua nyimbo za fidla, zenye noti nyingi na mbio, akazipiga kwenye gitaa kwa kipande kimoja cha kuchapia nyuzi. Watu huyasema hayo kana kwamba aliyarithi kwa mababu mlimani. Lakini katika miaka ya 1950 Doc alikuwa akipata riziki kwa kupiga gitaa la umeme katika bendi ya dansi. Bendi haikuwa na mpiga fidla, na wachezaji walitaka nyimbo za fidla. Ikabidi azitoe kwenye gitaa la umeme. Baadaye, wapenzi wa muziki wa asili walipomgundua mwanzoni mwa miaka ya 1960, akahamishia ufundi ule kwenye gitaa la mbao. Kitu ambacho leo watu wanakilinda kama jadi safi kilipitia kwanza kwenye spika ya umeme, katika ukumbi wa dansi, kwa sababu watu walilipa kiingilio na walitaka kucheza.

Hata Earl Scruggs. Alipoachana na Lester Flatt mwaka 1969 alianzisha bendi na watoto wake wa kiume, yenye dramu na magitaa ya umeme, na mwezi Novemba mwaka huo huo alipanda jukwaani Washington mbele ya umati uliokuja kupinga vita vya Vietnam. Yule yule aliyekuwa Chicago na Monroe 1946.

Mjini hapa Louisville ndipo ilipoanza bendi ya New Grass Revival, mwaka 1971, na Sam Bush wa Bowling Green kwenye mandolini na fidla, na Courtney Johnson kwenye banjo. Nywele ndefu, mashati ya rangi, na katika rekodi yao ya kwanza waliweka wimbo wa Jerry Lee Lewis. Besi yao ikawa ya umeme. Wapo waliokereka, na wapo waliosema mambo makali juu yao. Mnamo 2020 bendi hiyo iliingizwa katika jumba la heshima la bluegrass, ambalo makumbusho yake yako Owensboro, Kentucky, si mbali na alikozaliwa Monroe. Kwa miaka kama hamsini, basi, ile inayoitwa kuharibu jadi imekuwa ikigeuka kuwa jadi, na wenye muziki wao wamekubali kuiandika hivyo wao wenyewe.

Billy Strings amezaliwa 1992 Lansing, Michigan, na jina lake halisi ni William Apostol. Hilo la Strings alipewa na shangazi yake baada ya kuona jinsi mtoto anavyozishika ala. Baba yake mzazi alikufa kwa dawa za kulevya Billy akiwa na miaka 2. Aliyemlea na kumfundisha ni baba wa kambo, Terry Barber, mpenzi mkubwa wa Doc Watson na Monroe, ambaye alimkalisha mtoto na gitaa sebuleni akamfanya apige nyuma yake, mdundo tu, kwa muda mrefu, kabla ya kumruhusu kusema peke yake. Alipokuwa kijana akaingia kwenye bendi za metali, yaani rock nzito ya kelele, na nyumbani dawa za kulevya zilikuwa zimerudi na kukaa. Ameyazungumza hayo hadharani na kuyaimba. Kisha akarudi kwenye gitaa la mbao akiwa na vitu viwili mkononi: nyimbo mia za zamani alizozijua kwa vidole tangu utotoni, na ile namna ya kusimama jukwaani ya watu wa metali, mwili mzima unapiga.

Kwa hiyo ukimwona anatikisa kichwa na nywele zinaruka, ujue mkono wake wa kulia wakati huo huo unafanya kile alichofundishwa sebuleni. Albamu yake Home, ya 2019, ilipata tuzo ya Grammy ya bluegrass 2021, na rekodi yake ya jukwaani ikapata tuzo hiyo hiyo 2025. Katikati ya mafanikio hayo, mwaka 2022, alitoa albamu nzima pamoja na baba yule wa kambo, nyimbo za kale zilizopigwa kama zilivyopigwa nyumbani, na mama yake anasikika humo akiimba. Mtu anayetaka kuuza jadi ana njia nyepesi kuliko hiyo.

Juni 2025 nilikwenda kumsikiliza Lexington, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari kutoka hapa, katika Rupp Arena, uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Nilifuatana na kijana wa Kikongo ninayefanya naye kazi, ambaye anapiga gitaa kanisani kwao. Kabla ya kupiga chochote, Billy alituambia kuwa mama yake amefariki, katika usingizi, usiku wa kuamkia siku ile, na kwamba amepanda jukwaani kwa sababu mama angetaka apige. Uwanja ule unachukua maelfu ya watu. Watu walilia. Kisha akapiga, onyesho zima.

Nimekulia katika mila ambayo msiba ukiingia, muziki unanyamaza, na bado naona ni mila nzuri. Lakini nilielewa nilichokuwa nakiona. Nyimbo za kale za bluegrass zimejaa mama aliyezikwa, nyumba iliyobaki tupu, mtoto aliye mbali asiyewahi mazishi. Ni nyimbo zilizotungwa na watu waliokwisha kufa, na watu wengi huziimba leo kama vitu vya makumbusho. Usiku ule hazikuwa za makumbusho. Alikuwa akiimba maneno ya wazee kwa sababu maneno yake mwenyewe yasingetosha, na ile kasi, ile nguvu ambayo mwandishi wenu anaiita ya kuazima, ilikuwa ndiyo njia ya mtu kubaki amesimama. Na wale wanne waliomzunguka hawakumwacha hata hesabu moja. Nilimtazama Masat. Alikuwa hamwondolei macho.

Kijana wangu wa Kikongo, kabla sijasahau, alitumia nusu saa ya kwanza akimtafuta mpiga dramu. Alidhani amekaa nyuma ya spika. Nilipomwonyesha mkono wa kulia wa mandolini alicheka kwa furaha, na tangu hapo hakuangalia kingine. Hivi sasa kanisani kwao anajaribu kuzima nyuzi za gitaa kwa namna ile pale ambapo mpiga ngoma hayupo, na anasema inakubali.

Sisemi kila wanachofanya kinanipendeza. Miguuni mwa Billy kuna ubao wa vifaa vya umeme vya kubadili sauti, na zipo dakika anapovikanyaga gitaa la mbao likawa king'ora, linavuma na kujizungusha muda mrefu, banjo nalo linapotelea humo. Wapo vijana waliokuja kwa ajili ya dakika hizo hasa, na huzitaja usiku kwa usiku. Mimi huwa nasubiri ziishe. Na wazee wa hapa Kentucky wanaonung'unika wana hoja ambayo haistahili kubezwa: katika chumba kidogo, bila umeme, unasikia kipande cha plastiki kikigusa uzi wa chuma, unasikia pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, na mbao zenyewe zinatofautiana, hii nzito, hii kavu. Katika uwanja wa maelfu ya watu mengi ya hayo hayapo. Nimeketi na wazee hao katika maonyesho yao ya Jumapili, wamezunguka kipaza sauti kimoja, kila mwenye zamu akisogea mbele na kurudi nyuma bila kugongana mabega, na sitaki muziki huo upotee. Lakini Billy na wenzake nao hukizunguka kipaza sauti kimoja namna hiyo hiyo katika baadhi ya maonyesho yao, mbele ya umati ule mkubwa, na vijana wananyamaza wasikie. Kijana anayenyamaza pale, kesho atawatafuta wazee wenyewe.

Upande wetu tuna haki ya kuujali muziki huu kuliko tunavyodhani. Banjo halikutoka Ulaya. Lilikuja Marekani na Visiwa vya Karibiani katika kumbukumbu na mikono ya Waafrika waliotekwa kutoka magharibi ya bara letu, na hadi leo Wajola wa Gambia na Senegali wanapiga akonting, kibuyu chenye ngozi na shingo ndefu, pamoja na uzi mmoja mfupi unaogongwa na dole gumba, sawasawa na uzi wa tano wa banjo. Béla Fleck, aliyepiga banjo New Grass Revival kuanzia 1981 hadi bendi ilipovunjika 1989, alilirudisha banjo lake Afrika kwa safari iliyotengenezewa filamu mwaka 2008. Alipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Alifika Bagamoyo. Akapiga na Anania Ngoliga, msanii wetu asiyeona, fundi wa ilimba, ala ya vibati vinavyogongwa kwa vidole gumba, na mwaka 2009 Ngoliga na John Kitime walizunguka Marekani wakipiga naye kwenye kumbi za watu wanaolipa na kukaa kimya kusikiliza. Ukisikiliza ilimba na banjo pale, vidole gumba vinafanya kazi moja. Wapenzi wa banjo niliokutana nao Kentucky wanamjua Ngoliga kwa jina. Nikiwauliza vijana wa nyumbani, wengi hawamjui.

Na hapa, ndugu Mhariri, ndipo ninapotaka kukuomba jambo. Ukurasa wenu wa burudani ni mpana na unasomwa. Lakini umejaa waimbaji peke yao, mavazi yao, wapenzi wao, na video iliyotoka jana. Wapigaji hawamo. Sijui ni lini mara ya mwisho niliposoma humo jina la mpiga besi, au mpiga kanuni, au mpiga zeze, pamoja na maelezo ya anachofanya mikono yake. Kosa la kumwandika mpiga dramu asiyekuwepo linatoka huko. Mwandishi aliyezoea kumtazama mwimbaji tu hatahesabu watu walio nyuma yake. Nashauri kila makala ya muziki iwataje wapigaji wote kwa jina na kwa ala, hata ikiwa ni mstari mmoja, na mwandishi akae karibu na jukwaa wakati wa mazoezi, si siku ya onyesho pekee. Dodoma wapo Wagogo wanaofundisha watoto zeze na ilimba. Unguja zipo klabu za taarab zenye vijana kwenye fidla na udi. Waandikwe kama mafundi walio kazini, kwa kasi zao na makosa yao na ubishi wao juu ya nini kiongezwe na nini kiachwe, maana ubishi huo wanao, nimeukuta kila nilipokwenda.

Kwa msomaji anayetaka kuhakikisha ninayoyasema, aanze na rekodi za Monroe za 1946 na 1947, zile zenye Flatt na Scruggs, na asikilize mandolini peke yake kwenye mbili na nne. Kisha Doc Watson wa miaka ya 1960, gitaa tu. Kisha New Grass Revival ya miaka ya 1980, yenye Sam Bush na Béla Fleck pamoja. Kisha rekodi ya jukwaani ya Billy Strings iliyotoka 2024. Afuate ala moja tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, ndipo arudie wimbo ule ule na ala nyingine. Atumie visikizio vya masikioni, kwani spika ya simu haitoi besi, na bila besi hajausikia muziki huu.

Wako,
Mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja
Louisville, Kentucky, Marekani